Ukuta wa Mama Kemunto

Mama Saidi wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Kisii, ambako mvua hunyesha kila alasiri na ndizi hazikosekani mezani. Leo, katika kijiji cha Nyamarambe, nilipiga picha nyumba ya msonge ya mjane mmoja, Mama Kemunto. Kesho wanawe wanaibomoa wamjengee ya mabati. Nilikuwa nimeshafunga kamera aliponishika mkono.

"Ngoja. Piga na hii ukuta ya ndani. Bwana yangu alikandika na mikono yake."

Kweli, karibu na mlango, alama ya vidole vitano vya marehemu imebaki kwenye udongo. Jua lilivimulika kwa ubavu. Hata kwenye picha zangu hizi zisizo na rangi vitaonekana. Nikapiga. Kisha mama akaweka kiganja chake juu ya alama ile, akakaa hivyo, nami sikuthubutu kupiga tena.

Wiki tatu napiga picha nyumba za watu, na yetu sijaipiga hata mara moja. Nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti. Nikirudi, unisimamie mlangoni na kanga yako ya kila siku, nikupige picha. Usijipambe.

Mungu akulinde, wewe na watoto.

Wako, Baba Saidi