Leo Mkate Naleta Mimi

Wifi,

Chai iko kwenye chupa. Maharage nimeyaepua, yamebakiza chumvi tu.

Asubuhi dukani nilishafungua mdomo niombe mkate, ukanisemea. Mwenye duka akaongea na wewe tu, mimi nikabaki nimeshika kikapu. Najua ni huruma, na sikukasirika ~~sana~~. Lakini wifi, nimekuja kwenu kiangazi hiki kujifunza lugha ya huku, na mpaka leo mdomo wangu ni wewe. Darasani naongea, mtaani nakuwa bubu.

~~Mwambie kaka anisubiri kituoni.~~ Asinisubiri. Nitauliza njia mwenyewe.

Mkate wa jioni naleta mimi. Nikirudi na sabuni, nichekeni mpaka mchoke, ila kesho mniache niende tena.

Wifi yako mkaidi