Hoa na Tanuri la Risasi

Dada Ditrika,

Shikamoo. Natumaini miguu ya mama imepungua kuvimba, na hapo Mpepai kahawa imeanikwa bila kunyeshewa. Nasikia siku hizi wanunuzi binafsi wanaifuata hadi mlangoni; msiwauzie ikiwa bado mtini.

Mimi ni mzima, ila roho imetulia juzi tu. Wewe ni mkunga, utanielewa.

Hapa chuoni Japani tunatengeneza transista za utando mwembamba, yaani swichi ndogo mno za umeme. Juu yake tunapaka madini yanayogeuzwa na umeme kidogo, kisha hubaki yalivyogeuka hata umeme ukizimwa. Hivyo transista hukumbuka kama iliachwa wazi au imefungwa. Ubaya wake, madini hayo yana risasi, ile metali yenye sumu, na yakiokwa tanurini hutoa mvuke wake.

Mwenzangu wa tanuri ni Hoa, mwanafunzi kutoka Vietnam. Mwezi jana nilimkuta ameinamia sinki, anatapika.

"Nina mimba," akaninong'oneza. "Profesa akijua ataniondoa. Nitarudi kwa mume wangu bila digrii."

"Na mtoto je?"

"Navaa barakoa."

Dada, barakoa yenyewe ya kitambaa! Nikamkataza kusogelea tanuri, nikawa naoka sampuli zake pamoja na zangu. Profesa akagundua. Akaniuliza mbele ya wote, "Kwa nini unamfanyia mwenzako utafiti?" Kwa jambo hilo mtu hufukuzwa chuo. Nikaendelea kupanga sampuli. Siri haikuwa yangu.

Hoa akasimama, akasema mwenyewe kwamba ana mimba. Profesa alikwenda akazima tanuri kwa mkono wake, akampeleka Hoa hospitali.

Damu yake imekutwa na risasi, si nyingi. Daktari atamfuatilia mpaka ajifungue. Masomo yake hayakuguswa, amehamishiwa tu chumba cha vipimo. Jana akakuta transista aliyoiacha bila umeme tangu juzi bado inakumbuka. Alicheka, kisha akalia, mikono ikiwa tumboni.

Msalimie mama, shemeji mwalimu, na mjomba anayetuletea dagaa wa usipa kutoka ziwani.

Halafu nijibu upesi, dada: mjamzito wa namna hii ale nini? Hoa ananiuliza kila asubuhi, nami nimeshamwambia kwamba dada yangu anajua.

Mdogo wako,
Otmari