Nassoro Anangojea Kisu cha Alfani

Mshauri wangu, wewe unayejibu watu kila juma, leo nisaidie na miye. Hapa Kisangani, toka Simi-Simi mpaka sokoni, hakuna mutu wa kunishinda lugha, Kiswahili, Lingala, Kifaransa, hata Kiflama cha matusi cha Wabelgiji, ijapokuwa masomo niliyaacha mapema. Donc kaka yangu Nassoro alipoanza kukohoa damu, miye ndiye nilimusindikiza kwa munganga kutafsiri, wakamukata kipande cha uvimbe uliomuota shingoni, wakakitazama kwa mikroskopi, na munganga akanieleza kwamba kansa ya mapafu haiko moja, ile ya jirani yetu Alfani ilikuwa ya chembe kubwa bapa, inakawia mahali pamoja, ndiyo maana walimutoa pafu na leo anapanda baiskeli, lakini ya Nassoro iko ya chembe ndogo ndogo, zinakimbia na damu, zimekwisha kufika kwenye ini, kisu hakina kazi tena, imebaki miezi tu. Nassoro akaniuliza, "Amesema nini?" Nami, mucheshi wa mtaa muzima, nikajibu, "Amesema wewe na Alfani mutashindana baiskeli." Akacheka mpaka kikohozi kikamuinamisha. Bon, sasa anangojea kupelekwa Léo, mji mukuu, kupasuliwa, na binti yake Hadidja, ambaye yeye alimufukuza kwa kuolewa na Hubert, Mukristo, anaomba radhi ya baba, naye baba anasema ataitoa akirudi na pafu moja. Nifanye nini? Ukweli si utamuua kabla ya ugonjwa?

Assumani

Assumani, pole. Moyo wako ni mkubwa, ila mdomo umeuzidi. Ulikwenda pale kubeba maneno ya mganga, ukabeba ya kwako. Alfani alipata aina ya polepole, tena aliwahiwa haijatoka pafuni. Ya kaka yako ilikwisha kutawanyika. Usimfananishe naye tena.

Unasema ukweli utamuua. Anakufa tayari, ndugu, na anakufa amemnunia mtoto wake, akidhani ana miaka ya kununa. Hiyo miaka umempa wewe.

Kesho mrudishe kwa mganga. Atafsiri mtu mwingine. Wewe mshike mkono. Hadidja aje angojee uani, na Hubert pamoja naye. Baba akimnyima radhi, basi, amnyime akijua.

Atakutukana. Pokea, usitafute mzaha. Matusi hayo utayatamani upesi kuliko unavyodhani.