Ngozi ya Ng'ombe wa Harusi

Shoga yangu Neema,

Mwangaluka! Ndiyo salamu yetu ya asubuhi huku Bariadi. Mume wangu Masanja alitaka kukivisha kiti cha pikipiki yetu ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa kwenye harusi yetu. Alipima mabonde yote ya kiti, akaingiza vipimo kwenye kompyuta, nayo ikalikunjua umbo lake likawa vipande bapa vya kukatia, akavichapa kwenye karatasi. Ngozi ni moja tu, akikosea basi. Alipovitandaza juu ya ngozi na kuinua kisu, mama mkwe akapiga kelele: "We Masanja! Manyoya yamelalia mbele. Mkeo atateleza mpaka mgongoni kwako!"

Kompyuta haikujua hilo. Nikasema, "Mama, mwache akate hivyo hivyo." Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Ngozi imekaa bila mkunjo hata mmoja, nami nateleza kila breki. Nakuombea nawe mgongo mzuri wa kutelezea!

Akupendaye,
Rehema