Mawe Chini ya Misonobari

Kwa Shangazi Verna,

Natumaini goti limepoa. Huku sote wazima, na mchele-mwitu tunaovuna ziwani mwaka huu umekubali.

Mafunzo ya kupima ardhi yanaendelea. Siku ya kwanza niliisimamisha mashine ikaegemea kama mlevi, mwalimu wetu Lorna akacheka: "Wee binti, unapima kijiji au mawingu?" Sasa naielekeza, nabonyeza, na misingi ya nyumba zenu za zamani inatokea kwenye skrini, hata jiko la bibi. Tunataka tumalize kabla barabara mpya haijapita.

Wiki iliyopita tulifika kwenye misonobari, kule ambako kila ukipiga simu unauliza kama tumefika. Picha za droni zilionyesha mawe yaliyopangwa duara, dogo mno. Lorna akasema taratibu, "Kaburi la mtoto. Weka alama."

"Ngoja," nikamwambia. "Huyu ana mwenyewe, na sijamwuliza."

"Tusipoweka alama, katapila litapita juu yake."

Shangazi, nilibonyeza. Sikuandika kaburi wala jina. Niliandika tu kwamba pasiguswe, familia imekataza. Leo baraza letu limekubali kuisogeza barabara.

Sikuulizi lolote. Baba hajui, na kwangu halitatoka. Ila ukitaka kuja, nitakupokea kituo cha basi, twende wawili tu, tumpelekee tumbaku ya kumwombea, kama desturi yetu.

Mwanao,
Delphine