Siku Mama Alipofika Mlangoni Kwako

S.L.P. 88,
Makambako.
16 Juni 2024

Mpendwa Kaka Sadock,

Kamwene. Habari za huko Bergen? Wifi Janeth na mwanetu Remmy wanaendeleaje? Sisi tunapumua. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Ukungu hauondoki mpaka saa nne, na shemeji yako Enoki anakohoa lakini hataki kuvaa sweta.

Arobaini ya Mama tumeimaliza salama. Watu walikuwa wengi, na wengi walikuulizia.

Siku ile kwenye simu uliniuliza kama Mama alituacha akiwa na kinyongo na wewe, maana miaka tisa hujakanyaga nyumbani. Nikakwambia mtandao unakata. Haukuwa unakata, Kaka. Nilishindwa kusema.

Mwezi wa tatu Mama aliniomba nimpeleke kwako. Nikafungua ramani kwenye simu, nikaandika anwani yako. Ile mistari haikumwambia kitu. Nikageuza yakatokea majengo yaliyosimama, yale unayoweza kuyazungusha, akashika kichwa kwa kizunguzungu. Ndipo nikakishusha kile kijitu cha njano cha pembeni mwa ramani barabarani, picha ya mtaa wenyewe ikafunguka: miti, baiskeli, watu. Mama akajifunga kitenge vizuri.

Tulitembea kwa kugusa mishale, hatua kwa hatua, kuanzia kituo cha treni. Unamjua Mama, hapiti mtu bila kumsalimu. Kila aliyetokea kwenye picha alipewa kamwene yake. Nyuso zao zimefifishwa, naye akasema maskini, watu wa huko wamepatwa na nini hata sura hazionekani. Mimi nikacheka. Naona aibu hata kuandika. Nilicheka, wala sikumweleza kwamba picha zile zilipigwa miaka mingi iliyopita.

Tukafika kwenye mlango wako wa kijani. Mama akavua kandambili palepale sebuleni kwangu, akapiga hodi mara tatu. Kisha akakaa kusubiri, simu mapajani, na kila kioo kilipozima alinipa nikiwashe. Ilipita karibu nusu saa. Nikataka kumtoa kwa kurudi juu kwenye ramani, akakataa kurushwa. Alitaka turudi kwa miguu tulikopita, na njiani akawaaga walewale aliowasalimu.

Wiki iliyofuata alilazwa Njombe, hakurudi tena. Kwa hiyo Mama amekwenda akiamini alifika kwako na mlango haukufunguliwa. Kosa ni langu, Kaka, si lako. Nilikuwa na wiki nzima ya kumweleza, nikaona haya.

Shangazi Hyasinta wa Bulongwa anakusalimu sana, na Peace anaomba picha ya theluji. Naona nazunguka tu. Jibu la swali lako ni hili. Tuliporudi hadi kituo cha treni, Mama alivaa kandambili zake, akanirudishia simu, akasema:

“Atakuwa kazini. Usimwambie nilikuja, ataumia.”

Hayo tu. Hakukasirika, Kaka. Alikuonea huruma, na leo mimi nimevunja agizo lake.

Mungu akushike mkono huko uliko, akulete tukiwa bado hai tuliobaki.

Mdogo wako akupendaye,
Yunis