Jina la Isoda Lisibandikwe Qurayyat

Mwaka umetimia, Tetsuya Isoda, Baba Reem wetu, tangu ututoke Ijumaa ile asubuhi, na mkeo Nasriya bado anakuhadithia habari za siku akiwa jikoni.

Ulitoka Japani kuja Maskati kuchora jengo moja tu. Ukaoa, ukakaa miaka ishirini na sita. Kiswahili ulifundishwa na mama mkweo, ukawa unasema "nnakuja" kama mzaliwa wa Unguja, na wageni wanacheka mpaka chai inapoa.

Hukugusa penseli kabla ya kushinda kutwa kiwanjani ukifuatisha ukingo wa kivuli kwa mstari wa chokaa. Mafundi wa mtaa wa Ghala walikuona mwehu. Baadaye wakawa wanakuletea chapati, wakikaa nawe kungoja kivuli kisogee.

Ndivyo ulivyoichora maktaba ya watoto ya mji wa Qurayyat. Paa ulilikunja kama kuti, upepo ukaingia wenyewe, na ukuta ukaupindisha kuupisha mkunazi uliokuwepo. Ramani uliirudia mara tatu kwa ajili ya mti huo. Watoto walisoma chini yake wakila kunazi.

Hukutimiza miezi minne kaburini, kamati ya maktaba ikaziba matundu ya upepo na kufunga viyoyozi. Mkunazi wakaukata wapate pa kuegesha magari. Shukrani ya punda ni mateke. Hawa wameongeza shoka. Tulikuta kisiki, na ukuta umepinda bila sababu. Nasriya alisimama pale juani.

Juzi mwenyekiti wao, Hamoud, alikuja na halwa. Leo wanataka kubandika jina lako mlangoni kwa herufi za shaba, nasi tuhudhurie.

"Ni kumuenzi marehemu, bibi," alimwambia Nasriya.

"Kumuenzi kupi, Hamoud? Mchoro wake nnao hapa, na mti umo. Hicho mlichonacho nyie si chake. Mkilibandika, nnakuja kulibandua kwa mikono yangu."

Halwa akamrudishia na sahani yake. Nyumbani kwetu jambo hilo halijapata kutokea.

Watu wakituuliza nani aliichora maktaba ile, hatutasema ni wewe. Inatuuma, maana ndiyo kazi uliyoipenda kuliko zote.

Mkeo Nasriya, wanao Reem na Yazan, mama mkweo Bi Thuraya, na dada yako Michiko huko Japani, daima tutakukumbuka wewe, si jengo lao.